Dakika Kumi na Tano za Kassim

Mishi, binti aliyechukua nafasi yangu ya huduma ya kwanza kwenye timu ya mpira ya chuo, aliniomba nimwachie maelezo ya kazi kwenye karatasi moja. Nilijaribu. Karatasi ya kwanza ilijaa barafu peke yake. Kwa hiyo nimeandika zaidi, na nyinyi makocha mliobaki mnaweza kusoma pia, ingawa nawajua: mtatafuta majina yenu kwanza.

Vyeo sitavitaja. Nilikuwa na kimoja, na nilipewa na wachezaji: Mama Barafu. Mshahara nao tuupishe, haukuwa na mengi ya kusimulia. Nitasema jinsi kazi ilivyofanywa, na mahali pamoja nilipoikosea. Nimechoka, basi mkiona nimeruka miaka, jueni ilikuwa inafanana.

Niliingia chuoni kama mhudumu wa zahanati, mwanamke wa Mwabungo mwenye watoto wawili na cheti cha huduma ya kwanza. Wiki yangu ya kwanza haijaisha, mzee mmoja mrefu akasimama mlangoni. Huyo alikuwa mzee Chirima, Mduruma wa Kinango, mchua misuli wa timu, mwenye vidole gumba vipana kama miko.

"Wewe unajua kuhesabu?" akaniuliza, baada ya salamu zote kwisha.

"Kuhesabu nini?"

"Chochote. Kule uwanjani vitu vinapotea."

"Mimi nahesabu mara mbili."

"Basi njoo."

Nikaenda. Nikahesabu mipira: tisa. Nikahesabu tena: minane. Mmoja alikuwa ameukalia kipa nyuma ya goli, anakula muhogo. Nikamwinua. Chirima akanikabidhi ufunguo wa stoo siku hiyohiyo, nami nikaona nimepandishwa cheo, kumbe nimepewa kazi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Barafu sasa. Friji ya zahanati iligandisha maji ya kutosha kifundo kimoja cha mguu, na timu ina vifundo zaidi ya arobaini. Kwa hiyo barafu tuliifuata dikoni Msambweni, pale samaki wanapoteremshwa, na mpatanaji nilikuwa mimi. Mchuuzi alinitajia bei, nikacheka. Akataja nyingine, nikageuka kuondoka. Mwisho tulielewana: ndoo mbili kwa bei ya moja, na mimi nimchue bega lake kila Jumamosi.

"Lakini mama, hii ni ya samaki," akanionya. "Ilikwishalaliwa na nguru."

"Magoti yetu hayataliwa," nikamwambia.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea kwa miaka mingi. Mchezaji akikupita njiani jioni, ulijua alipoumia kwa kunusa. Paka wa chuo walituheshimu kuliko idara nyingine yoyote. Sasa kuna mashine ya barafu jikoni, Mishi, lakini huharibika msimu mpya ukikaribia, kana kwamba imepewa ratiba. Bega la mchuuzi usiliache.

Chirima alinifundisha kwa maneno machache. La kwanza: usimwulize mchezaji kama anaumwa. Atasema haumwi. Mwulize alipandaje ngazi, kisha mpandishe ngazi za tangi la maji umtazame anavyoshuka, maana kupanda kila mtu hujikaza. La pili: bonyeza kwanza ule mguu usioumwa, ili kidole chako kijue kinachotafuta. La tatu niliongeza mwenyewe, na Chirima, ambaye alikuwa Mkristo, alinisifia kwa hilo.

Timu yetu huswali alasiri kando ya uwanja kabla ya mazoezi, kwenye mikeka, wale Waislamu. Mimi nasimama safu ya nyuma, mwanamke peke yangu, na mbele yangu kuna nyayo na migongo ya kikosi kizima. Mchezaji anaweza kumdanganya kocha, anaweza kunidanganya mimi, lakini kwenye tahiyatu, anapokaa juu ya miguu, goti lenye maji halikunjiki. Mwenye nalo atautoa mguu pembeni, aunyooshe taratibu kama anayepima kitambaa. Mungu anisamehe, rakaa nyingi nimeziswali nikihesabu magoti. Imamu akitoa salamu, mimi nimekwisha jua nani wa barafu.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa siku mbili kabla ya mechi ya kwanza ya msimu. Maandalizi huchosha kuliko msimu. Vijana wanarudi kutoka likizo: huyu amenenepa, yule amebeba mizigo Ukunda mpaka mgongo umeingia kombo, mwingine amecheza mpira wa mchangani peku na kidole hakina kucha. Kocha anataka wote wawe wazima kwa wiki tatu. Siku mbili kabla ya mechi hiyo tulikaa stoo, juu ya sanduku la barafu na mifuko ya mipira, tukapatana dakika.

Ndiyo, tulipatana. Mimi nilikuwa na daftari, na kila mchezaji aliyeumia niliandika mbele ya jina lake dakika anazoweza kucheza. Kocha mkuu wa wakati huo, Mwalimu Rashidi, alikuja kuzipandisha. Yeye alifundisha uchomeleaji asubuhi na mpira jioni, na njia yake ilikuwa moja: pasha moto, kisha piga nyundo. Akitaka tisini, mimi nasema kumi. Anakwenda sabini, mimi kumi na tano. Anaapa, mimi nafunga daftari. Tunakutana thelathini na tano, kila mtu analalamika, na hapo unajua bei ni ya haki. Nikajulikana. Makocha wa vyuo vingine waliambiwa, ukienda kule kuna mama wa Mwabungo, dakika zake ghali. Nilijivuna, sitaficha.

Mwaka wangu wa saba tulikuwa na winga anaitwa Kassim, kijana wa kwetu Mwabungo, mwaka wa pili wa umeme. Nyumba ya mama yake naiona kutoka kibarazani kwangu. Alikimbia kama aliyeitwa nyumbani. Wiki ya mwisho ya maandalizi nikaliona goti lake kwenye tahiyatu, mguu wote nje. Nikamwita, nikabonyeza. Maji. Nikamshusha ngazi za tangi, akashuka kwa mguu mmoja huku ananitania, "Mama, ngazi hizi fupi." Nikaandika sifuri.

Mwalimu Rashidi akaja stoo. Chirima alikuwa pembeni anakunja bandeji.

"Kassim?"

"Hakuna."

"Hakuna kiasi gani?"

"Hakuna ni hakuna, Mwalimu. Goti limejaa."

"Mimi nataka tisini."

"Taka."

"Basi kipindi kimoja."

"Hata robo yake."

"Thelathini. Bi Mwanasiti, tazama, nimeshuka sitini nzima na wewe hujapanda hata moja. Hiyo ni biashara gani?"

Hapo ndipo. Nataka msome polepole. Mtu aliyezoea kupatana ana aibu yake: mwenzake akishuka sana, naye huona lazima asogee, asije akaitwa jeuri. Nikamtazama Mwalimu, jasho limemtoka, ameshuka kutoka tisini mpaka thelathini. Nikasema kumi.

"Ishirini."

"Kumi na tano, za mwisho wa mchezo, na kama mnaongoza hachezi."

"Umeniua," akasema, na akaenda zake amefurahi. Mimi pia nilifurahi. Nilihesabu mara mbili: tisini toa kumi na tano, nimeokoa dakika sabini na tano. Sikukumbuka kwamba sifuri haikuwa bei ya kuanzia. Ilikuwa ni goti.

Chirima akamaliza kukunja bandeji yake. "Umepata bei nzuri," akaniambia.

Nikamshukuru. Ilinichukua mpaka Jumamosi kumwelewa.

Jumamosi hatukuongoza. Kassim aliingia, na kwenye dakika ya kumi na moja ya zile zake kumi na tano aligeuka na mpira, hapana mtu karibu naye, na nilisikia kutoka benchi. Sauti ndogo, kama mtu anayevunja ukuni wa kuwashia jiko. Nilipofika alikuwa ameshika nyasi kwa mikono miwili.

"Mama, zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Nihifadhie."

Nikamwekea barafu ya nguru, ndoo zote mbili. Hospitali walimfunga, wakamfungua, wakamfunga tena. Goti lilipona kwa namna ya kutembelea. Kukunjika halikukunjika tena. Akiwa na miaka ishirini na mbili, Kassim alianza kuswali kwenye kiti.

Miaka iliyofuata nairuka. Chirima alirudi Kinango kwa mbuzi wake, na baadaye tukaenda kumzika. Mwalimu Rashidi akastaafu. Mimi niliendelea kuhesabu vizibao vya mazoezi na mipira, na niliendelea kupatana dakika, kwa sababu kazi ilikuwa hiyo na sikujua nyingine, ila tangu Kassim nilianzia chini zaidi na nilisogea kwa shida. Kassim alimaliza chuo, akafanya kazi ya umeme kwenye hoteli za Diani, kisha akarudi kwetu kama kocha msaidizi, na baada ya hapo kocha mkuu. Kila alasiri alibeba kiti chake cha plastiki, akakiweka mwisho wa safu ya mbele.

Na kila msimu mpya, wageni wakiwa wamekaa kwenye nyasi, aliwapigia gumzo lilelile: "Mnamwona mama huyu? Kocha alitaka kunichezesha mechi nzima na goti bovu. Mama Barafu alinipigania mpaka zikabaki kumi na tano. Bila yeye ningekuwa sina mguu kabisa. Mheshimuni."

Wageni walinitazama kwa heshima. Mimi niliinama nikafungua sanduku la barafu, nikatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Zaidi ya miaka kumi nilisikiliza gumzo hilo. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Kila mwaka kulikuwa na vifundo.

Sasa huu msimu wangu wa mwisho, ambao wengine mliuona lakini hamkuwemo stoo. Nilikuwa nimebakiza wiki chache za kazi. Mashine ya barafu ilikufa kama kawaida yake, nikawa nashuka dikoni alfajiri na ndoo, na mabega yangu mwenyewe sasa yanamhitaji mchuuzi ayachue. Tulikuwa na mshambuliaji, Salim, kijana wa Funzi, mpole nje ya uwanja na mkorofi mbele ya goli. Mtu wa klabu moja ya Mombasa alikuwa ametuma ujumbe: atakuja mechi ya kwanza, kumtazama Salim.

Jumatatu ya wiki hiyo nilihesabu safu ya alasiri, nikakosa mtu mmoja. Jumanne hivyohivyo. Jumatano nilihesabu mara mbili kisha nikazunguka nyuma ya tangi la maji. Salim alikuwa huko, anaswali peke yake, mguu wa kulia nje.

Nikangoja atoe salamu. "Salim, huku ndiko kibla kilikohamia?"

"Nilichelewa kutawadha, Mama."

"Siku tatu mfululizo? Leta goti."

Lilikuwa la moto. Wekesa, kocha wa makipa, kijana wa bara mwenye moyo mzuri na Kiswahili cha haraka, akaja kumtetea. "Mathe, Salim ako fiti. Mimi nimemwona akiruka."

"Umemwona akiruka. Umemwona akitua?"

Wekesa akakiri hakuangalia, kwa sababu ni mkweli. Salim akanishika mkono. "Mama, mtu anavuka feri kuja kunitazama mimi. Nimwambie nini?"

"Mwambie avuke tena mwezi ujao."

"Na asipovuka?"

Nikaenda kuandika sifuri.

Alhamisi Kassim akaingia stoo, akakaa juu ya mfuko wa mipira, mguu wake ameunyoosha mbele kama kawaida. Shikamoo, marahaba, habari za mabega, mabega hayajambo. Kisha:

"Mama, Salim nipe sitini."

"Sifuri."

Akacheka. "Leo umeanzia chini kweli. Arobaini na tano."

"Sifuri, Kassim."

"Thelathini. Yule mtu wa Mombasa anataka kuona mguu wake wa kulia tu, hahitaji mechi nzima."

"Mguu wa kulia ndio mbovu."

"Mama, mimi nashuka, wewe umekaa palepale." Sauti ilikuwa yake, maneno ya Mwalimu Rashidi. Akainama karibu. "Haya. Kumi na tano. Zilezile ulizonipigania mimi."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliiweka chini.

"Sikukupigania," nikasema. "Mimi nilikuwa nimekuandikia sifuri. Nililiona goti lako, nililibonyeza, nilijua. Mwalimu akashuka, nikaona haya kutosogea, nikakuuza kumi na tano. Na nilirudi nyumbani nimefurahi."

Nje Wekesa alikuwa anapiga filimbi, anawapanga makipa. Kassim alitazama mguu wake, si mimi.

"Chirima alikuwepo?"

"Alikuwepo. Aliniambia nimepata bei nzuri."

"Mzee yule." Akalisugua goti lake. "Ungeniambia siku ile ni sifuri, Mama, mimi ningekataa. Ningecheza tu, na ningekutukana."

"Najua. Lakini wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa na daftari."

Alinyoosha mkono, nikadhani anataka kushikwa ainuke. Alitaka daftari. Akafunua nyuma, karatasi nyingi, zile za zamani zenye madoa ya maji ya samaki, mpaka akalifikia jina lake. Nilikuwa nimeandika hivi: amepewa kumi na tano, ametumia kumi na moja, zimebaki nne.

"Kumbe ulihifadhi," akasema.

"Uliniambia nihifadhi."

Akalifunga, akanirudishia. "Salim muache na sifuri yake. Nitamwambia mwenyewe." Akainuka kwa kushika ukuta, kama anavyoinuka siku zote, na mlangoni akasimama akinipa mgongo. "Na zile nne usimpe mtu."

Jumamosi tulifungwa mawili bila. Mtu wa Mombasa alikaa jukwaani mpaka mapumziko, akamwangalia Salim aliyekaa benchi na suruali ndefu, akanywa soda yake, akaondoka. Mpaka naandika haya hajavuka tena. Salim alihamisha mswaki na godoro lake chumba cha mbali na zahanati ili asipite mlangoni kwangu. Wiki nne hakunisalimia, na kijana wa Funzi kutomwamkia mtu mzima si jambo dogo, nilijua linamgharimu. Nilimpelekea barafu kupitia Wekesa. Aliipokea barafu, salamu hakuituma.

Kassim aliendelea kuniamkia kila siku na kuniita Mama. Lakini wageni wa mwaka huo, waliochelewa kufika, walipokaa kwenye nyasi kwa mafunzo ya msimu, aliwaeleza ratiba, viatu na nidhamu, akamaliza. Gumzo la dakika kumi na tano hakulipiga. Miaka yote nilitamani aliache, na sasa ameliacha, sikio langu bado linalingoja.

Mishi, kwenye daftari utaona safu ya dakika. Makocha watakuja kupatana, ni haki yao, na palipo na thelathini unaweza kusogea mpaka arobaini na mkacheka. Palipoandikwa sifuri, mwenzako ashuke mpaka achoke. Akikuita jeuri, mwambie umefundishwa na mimi.

Siku yangu ya mwisho niliswali alasiri na timu, safu ya nyuma peke yangu, na wewe, Mishi, ulikuwa bado hujafika. Salim alikuwa amerudi kwenye safu. Kwenye rakaa ya mwisho, walipokaa tahiyatu, nilitazama. Mguu wake wa kulia uliingia chini yake, ukakunjika, ukatulia. Nikahesabu magoti ya kikosi kizima. Yote yalikunjika, isipokuwa moja, kwenye kiti cha plastiki, mwisho wa safu ya mbele. Nikahesabu tena, na hesabu ikatoka ileile.